Nani Aligeuza Bakuli la Kwanza

Łódź, 11 Aprili 1946

Tauba,

Sikuulizi hali, na salamu zangu nimezizuia mpaka nipate jibu lako.

Juzi mtu mmoja aliyetoka Munich aliiletea hosteli yetu samaki wa chumvi, kawafunga kwa gazeti la kambi yenu ya wakimbizi. Wenzangu wakagombea samaki, mimi nikachukua gazeti. Ukurasa wa tatu nikamkuta Majlech Ajzen, aliyekuwa msimamizi wetu karakanani. Yu hai, afya anayo, na anaombewa kazi ya ukuu wa nyumba ya watoto hapo kambini. Wapo waliompinga, ndiyo maana shauri lake limepelekwa kwenye baraza la heshima, lile linalowasikiliza Wayahudi walioshtakiwa na Wayahudi wenzao kwa waliyoyatenda geto, kwenye mitaa tuliyofungiwa na Wajerumani wakati wa vita. Lakini upande wake kuna barua ya msichana aliyefanya kazi chini yake, Tauba Kersz, na msichana huyo anasema Bwana Ajzen "alikuwa baba kwa watoto wote wa karakana".

Baba. Nililisoma neno hilo mara tano nikidhani mafuta ya samaki yamelichafua.

Haya, nikukumbushe baba yetu. Tulikuwa watoto arobaini, tumekaa sakafuni, tunasuka ukili wa mabua wa kushonea viatu vya askari wale wale waliotufungia ndani. Vidole vikitoka damu tulivifunga mabua na kuendelea. Saa sita supu. Watu wazima walichotewa kutoka chini ya pipa, kwenye viazi. Sisi tulichotewa juu, maji ya moto ambayo jani la kabichi lilipita mara moja likaenda zake. Na vya chini vilivyobaki viliingia kwenye kopo la Ajzen lenye kifuniko, akaenda navyo kwake.

Aliyesema alikuwa Perla. Miaka tisa, kadi ya kazi imeandikwa kumi na moja, na akisimama kwenye foleni unaona bakuli tu linatembea. Alimwendea Ajzen mbele ya karakana nzima akamuuliza, kwa adabu kabisa: "Bwana Ajzen, tukikuazima upawa mrefu utafika chini?"

Kesho yake mabakuli yetu yote arobaini yalikuwa yamegeuzwa chini juu sakafuni. Hatukula siku hiyo, hatukula ya pili. Tauba, wewe ulizirai ukasema umesinzia. Siku ya tatu upawa ukafika chini. Nilipata kipande cha kiazi cha ukubwa wa kidole gumba, na mpaka leo sijashinda vita nyingine yoyote. Ajzen alituangalia tukila akasema yeye hana haraka.

Ilikuwa Julai 1942. Septemba jina la Perla halikuwemo kwenye orodha yake ya wafanyakazi. Huyo ndiye baba.

Nenda ukafute saini yako. Ukishaifuta niandikie, nami nitakuuliza kifua chako kinaendeleaje.

Hinda

*

Kambini, karibu na Munich, 2 Mei 1946

Hinda mpendwa,

Kifua changu kimepona, ahsante kwa kutouliza.

Nakuandikia kwa utulivu na ninakuomba unisome hivyo hivyo. Wewe uko Łódź, mimi niko hapa. Hapa kuna watoto sitini na tatu wasio na mtu. Wengine wanaficha mkate chini ya godoro mpaka unaota ukungu, wengine hawajui hata majina yao ya ukoo. Wanahitaji maziwa na makaa, na wanahitaji mtu anayejua mlango upi wa kugonga kwa Wamarekani. Ajzen anaijua milango. Mtu mwema asiyejua kupata makaa hawezi kumpasha moto mtoto.

Niliandika ninachokijua. Bila yeye mimi nisingekuwa na kadi, na bila kadi nisingekuwa naandika barua hii. Geto wote walikuwa na kopo lenye kifuniko, kila mmoja la kwake. Mama yangu mkubwa alikuwa akinidanganya kwamba ameshakula, mimi nilikuwa namdanganya kwamba nimemwamini, na bado nilikimaliza kile alichoniachia. Huwezi kumhukumu mtu kwa upawa.

Hapa najifunza kushona kwa mashine. Nina nguo moja ya kijani niliyoishona mwenyewe, bega moja limepanda. Vipi habari za kaka yako, umepata neno lolote?

Nakuomba jambo moja. Usiniandikie tena habari za Perla. Sijasahau, lakini usiniandikie.

Wako,
Tauba

*

Łódź, 19 Mei 1946

Tauba,

Hutaki habari za Perla, basi hizo ndizo nitakazokuandikia. Habari nyingine sina. Kaka yangu hayupo kwenye orodha yoyote. Nyumbani kwetu wanakaa watu wengine, kabati la vyombo la mama liko pale pale, na mwanamke aliyenifungulia mlango aliniuliza kama nimekuja kusoma mita ya gesi.

Ulikuwepo, lakini inaonekana inabidi usimuliwe. Ijumaa tulitangaziwa kwamba watoto wote walio chini ya miaka kumi watolewe kwa Wajerumani, pamoja na wazee na wagonjwa, na aliyetolewa hakurudi. Jumamosi tukakatazwa kutoka nje. Jumatatu wakafika kwenye ua wetu. Mama yake Perla alimjaza matambara kwenye viatu ili arefuke, akampaka mashavu maji mekundu ya bitiruti ili aonekane ana afya. Tulisimama watatu tumeshikana mikono, wewe katikati. Polisi mmoja, Myahudi mwenzetu, mtoto wa muuza vifungo, alishika orodha ya karakana. Aliniita mimi, akakuita wewe, kisha akafunua ukurasa.

Perla hakungoja. Akamwambia, "Umeniruka. Perla Wolman. Ninasuka mita nane kwa siku."

Yule polisi akatazama, akasema hayumo.

"Angalia tena," Perla akamwambia. "Tena kutoka juu."

Akaangalia tena, nampa haki yake. Kutoka juu. Halafu Mjerumani akapiga fimbo kwenye buti lake, wakambeba. Mama yake akapanda kwenye mkokoteni bila kuitwa, kama mtu anayewahi kiti. Unakumbuka kwamba Perla hakulia? Kila mtu mle alikuwa analia, yeye alikuwa amekasirika. Mpaka mkokoteni unakata kona nilimsikia akidai aitwe msimamizi, aje aseme mwenyewe.

Baadaye nilisikia kwamba Ajzen alichukua kadi yake akampa mpwa wake. Miaka minne namchukia msichana ambaye hata sura yake siijui. Na wewe unaniambia nisihukumu kwa upawa. Nahukumu kwa kadi.

Mama mtu alikwenda naye, baba alishakufa kwa homa ya matumbo. Duniani hakuna aliyebaki wa kumuulizia Perla isipokuwa sisi wawili, na mmoja wetu ameshatia saini upande wa pili. Watoto sitini na tatu, Tauba. Siku Ajzen akimkasirikia mmoja wao, nani atalisoma daftari lake?

Tulilala chini ya blanketi moja miaka miwili geto na miezi minane kule tulikopelekwa baadaye. Nina haki ya kujua umepatwa na nini.

Hinda

*

Kambini, 9 Juni 1946

Hinda,

Hakuna mpwa. Mpwa hakuwepo kamwe. Usiendelee kumchukia.

Ijumaa ile ya tangazo Ajzen aliniita ofisini. Mimi nilikuwa nimefika geto Mei tu, na mama mkubwa, kutoka Pabianice, karatasi zetu zote zimebaki huko. Nilikuwa nasuka pamoja nanyi lakini daftarini sikuwemo. Alifunga mlango. Alizungumza kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha. Akasema asiye na kadi atachukuliwa hata kama ametimiza miaka, na mimi kwa udogo wangu nani angeamini nina kumi na moja. Akasema kadi zimekwisha, ila moja inaweza kupatikana. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza saa ngapi:

"Nani aligeuza bakuli la kwanza?"

Ulikuwa wewe, Hinda. Perla alisema maneno yale ya upawa, na baadaye alijisifu karakana nzima kwamba mgomo ni wake, nasi tukamwachia kwa sababu alikuwa mdogo na alifurahi mno. Lakini bakuli la kwanza lilikuwa lako. Nilikuwa nimekaa kulia kwako, nililisikia likigonga sakafu. Na wakati ule mimi na mama mkubwa tulikuwa tumepangwa kwenu, nalala kwenye godoro lako, na mama yako alikuwa akikata kipande changu cha mkate kwanza ili asije akakosea akakifanya kidogo.

Nikasema Perla.

Nilifikiri atamnyima supu wiki moja. Nilifikiri ana mama, ana kadi, na wote wanajua anapenda kusema ni yeye, kwa hiyo si uongo kamili. Nilifikiri mambo mengi kwa muda ambao mtu anameza mate. Ajzen akafungua mtoto wa meza, akatoa kadi, akakwangua jina kwa wembe, polepole, asije akatoboa karatasi. Akaandika langu. Nilipoipokea, mkia wa herufi ya kwanza ya jina lake ulikuwa bado unaonekana.

Kule uani Perla alipokuwa akimwambia polisi aangalie tena, kadi yake ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu. Mkono wangu uliokuwa umeshika wake ndio uliouachia ili kuigusa.

Februari mwaka huu Ajzen alikuja bandani kwetu na makopo manne ya maziwa. Akasema anahitaji barua ndogo tu. Akasema, "Mimi na wewe, binti, tunajua. Wengine hawataelewa." Nikaandika alivyotaka. Maziwa niliwapa watoto, kama unataka kujua. Hayakunisaidia.

Sasa unajua nimepatwa na nini.

Tauba

*

Kambini, 26 Juni 1946

Hinda,

Barua yako haijafika. Labda posta. Kila anayetoka Poland namuuliza kama amebeba kitu changu, na wameshanizoea, wanatikisa kichwa kabla sijafika.

Baraza limepanga tarehe kumi na sita Julai. Ajzen amenikumbusha nivae nguo ya kijani, eti inanipa heshima.

Kama umeamua kutoniandikia tena, nitaelewa. Ila niandikie hilo.

T.

*

Łódź, 1 Julai 1946

Tauba,

Barua yako nimetembea nayo wiki mbili. Kiwandani nimeshona mikono mitatu kwenye shati moja, msimamizi akaniuliza ni la nani.

Kwanza nilikuandikia kwamba heri ungenitaja mimi. Kurasa mbili nzuri, za kishujaa. Nikazichana, kwa sababu hazikuwa kweli. Nafurahi niko hai. Asubuhi nakunywa chai, jua liko dirishani, nafurahi, halafu nakumbuka ni kwa nafasi ya nani nafurahi, na natamani kuvunja kikombe. Umenipa kitu nisichokuomba na siwezi kukurudishia. Hilo nimekukasirikia na nitakukasirikia muda mrefu, usitegemee litapoa kesho.

Lakini sikiliza. Mtu mzima wa miaka arobaini alimfungia mlango mtoto wa miaka kumi na moja, akamwekea uhai mezani, akamwambia amtaje mwenzake. Kuna Wajerumani waliotaka idadi, na kuna yeye, aliyeitumia idadi yao kumlipiza kisasi mtoto aliyemwaibisha kwa supu. Halafu anakuja na makopo ya maziwa kukwambia "mimi na wewe". Mimi na wewe! Ofisini mle hamkuwa washirika. Alikuwa yeye, na mbele yake watoto watatu, wawili kati yao hata hawakujua kwamba wanapimwa.

Kwa lile la Ijumaa ile sina neno juu yako. Nilijaribu kulitafuta, nilitaka kulipata, sikulipata. Kwa lile la Februari ninalo, na kubwa. Ofisini mle ulikuwa mtoto. Ulipoandika barua ile ulikuwa msichana wa miaka kumi na tano anayejua kusoma.

Amekutisha mara mbili kwa kitu kile kile, na ataendelea maadamu ni siri. Kwa hiyo isiwe siri. Simama barazani useme yote, kuanzia Pabianice, kabla yeye hajafungua mdomo. Na uwaambie bakuli la kwanza lilikuwa la Hinda Szajn, anayefanya kazi Łódź, na wakitaka niape nitaapa.

Barua hii nampa mtu anayevuka mpaka wiki hii. Nimemwambia akichelewa nitamtafuta.

Hinda

*

Kambini, 29 Julai 1946

Hinda,

Mtu wako alifika tarehe kumi na nne, viatu vimemwishia miguuni. Akaniambia, "Huyo rafiki yako ni mkali." Nikamwambia hajakuona ukiwa umeshiba.

Walitusikiliza kwenye ukumbi wa chakula. Baraza lilikuwa daktari wa meno, mwalimu, na wakili mmoja mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ukumbi wote ulilazimika kunyamaza. Watu walijaa mpaka madirishani. Ajzen aliongea kwanza, vizuri sana. Alitaja watoto tisa wa karakana waliobaki hai, kwa majina. Ya waliokufa hakulitaja hata moja.

Kisha wakaniita. Walidhani nimekuja kuisoma barua yangu. Nikasema barua ile niliandika kwa woga na naiondoa. Nikaanza kusimulia kutoka Pabianice. Nilipofika kwenye wembe wakili akanimiminia maji, nikayanywa, nikamaliza. Bakuli lako nimelitaja.

Ajzen akasimama. Nadhani alikuwa amekuja na maneno hayo tayari mfukoni, hakuweza kuyarudisha. Akasema, "Muulizeni huyu binti kadi yake aliipataje."

"Nimeshawaambia," nikasema.

Alinitazama kana kwamba nimemwibia kitu chake. Baadaye akajaribu njia nyingine, akasema humu ukumbini hakuna aliyepona bila kukalia nafasi ya mtu. Watu waliinamisha vichwa, na kwa kweli hata mimi. Wakili ndiye aliyejibu. Alisema huenda ni kweli, lakini si wote waliochagua kwa wembe ni nafasi ya nani, na si wote wanaoomba leo wakabidhiwe watoto.

Wameamua hafai kushika kazi yoyote ya watu wetu, na nyumba ya watoto atapewa mwingine. Ndiyo hivyo tu. Hakufungwa. Jioni ile ile alikula mezani pake karibu na dirisha, na palikuwa na waliokaa naye. Nilitegemea kitu kikubwa zaidi, Hinda. Nilitegemea angalau supu imkwame.

Mimi nimepata sehemu yangu. Mwanamke mmoja kutoka Łódź alinisimamisha uani akaniambia angekuwa mimi angejitupa mtoni. Wasichana wawili wa chumba changu wamehamisha vitanda vyao. Sikuwalaumu, niliwasaidia kubeba magodoro.

Na gazeti. Limechapisha uamuzi kwa mistari sita, na ndani yake limeandika "mtoto mmoja". Nilimwendea mhariri. Akaniambia nafasi ni ndogo. Nikamwambia nimehesabu, jina lote la mtoto huyo ni herufi kumi na moja. Akasema wiki nyingine. Nikaketi kwenye ngazi ya ofisi yake na mashono yangu, asubuhi tatu mfululizo, na kila mwandishi aliyepita ilibidi aniruke. Siku ya tatu mhariri alinipisha kwenye meza akanipa kalamu niandike mwenyewe. Nakuletea kipande hicho humu ndani. Soma uone kama nimekosea: Perla Wolman, wa geto la Łódź, miaka tisa, aliyedai supu ya watoto ichotwe kutoka chini ya pipa.

Sikuombi kitu.

Tauba

*

Łódź, 15 Agosti 1946

Tauba,

Hukukosea. Nimekisoma hosteli nzima kwa sauti, mpaka mpishi akazima jiko aje asikilize.

Mistari sita kwa Ajzen ni mingi, na meza ya dirishani ni kubwa mno kwake. Wanaokaa naye wangeambiwa waende wakahesabu watoto wao. Na huyo mwanamke wa mtoni nionyeshwe nikifika, nina swali la kumuuliza.

Ndiyo, nikifika. Mwezi uliopita kwenye mji wa Kielce, huku huku Poland, raia waliwaua Wayahudi waliorudi kutoka kambi za Wajerumani, watu zaidi ya arobaini, mchana, na polisi wakiwepo. Walipona kwa Wajerumani wakaja kufia mlangoni kwao. Hapa hosteli hakuna tena anayefungua begi. Tunaondoka Jumanne, watu kumi na wanane, kwa treni mpaka mpakani na kwa miguu baada ya hapo. Nimepewa kazi ya kumshika mkono mtoto mmoja wa miaka saba anayeitwa Zysla. Kila kitu anauliza kwa nini, na akijibiwa haridhiki. Nimewaambia sitaki kubadilishiwa.

Kimoja kati ya vile vitanda vilivyohamishwa, kirudishe. Zysla atalala nami mpaka apatiwe chake. Usije kutupokea na uso wa msiba, na usinililie begani mbele ya watu, nitaaibika. Sijakusamehe, wala mimi siye mwenye kukusamehe, na nina hamu nawe kiasi kwamba nimeanza kumfokea Zysla kwa jina lako.

Yapo mengine ya kukugombeza, tena mengi. Ni ya kusema ana kwa ana. Weka maji ya chai.

Hinda